Mkono wa Dada Ozella

Dada yangu Ozella Faison hanyamazi popote duniani isipokuwa kanisani. Kule alinyamaza kwa sababu kazi yake ilitaka hivyo. Kanisani kwetu, hapa kaunti ya Tarrow katika jimbo la North Carolina, wahudumu wa mlangoni hawafungui mdomo. Wanavaa nguo nyeupe na glavu nyeupe, mkono wa kushoto wanaukunja mgongoni, na wa kulia ndio unaosema yote. Kidole kimoja kikiinuliwa kifuani, maana yake kuna nafasi moja. Kiganja kikigeuka kushoto, nafasi iko kushoto. Wewe uliyechelewa unafuata mkono, unaketi, mhubiri haulizwi wala hakatizwi. Sisi tumezaliwa tukaukuta utaratibu huo, na tutakufa tuuache.

Aliyetufundisha ni bibi yetu Mittie. Ozella alishika tangu mtoto. Mimi nilijaribishwa Jumapili moja tu, nikamwambia mgeni kwa sauti kuwa kofia yake imekaa upande, nikafukuzwa mlangoni siku hiyo hiyo.

"Verdell," Bibi aliniambia, "wewe nenda kwaya. Mungu hakukuumbia breki."

Siku za wiki Ozella alifanya kazi katika kiwanda cha kufungasha viazi vitamu. Vinapita mbele yako juu ya mkanda, unachagua vizuri, vibovu unatupa. Aliolewa na Rufus, mtu mpole aliyekula chakula cha watu wawili, wakazaa watoto watatu, akamzika Rufus mapema. Hakuna gazeti lililowahi kumtaja. Lakini ukimwuliza mtu yeyote hapa kwetu ni nani alimwonyesha pa kuketi siku ya msiba wa mama yake, atakwambia ni Ozella.

Basi mwaka tisini na nne akaitwa mahakamani, aje kuchujwa miongoni mwa watu watakaokaa katika jopo, wale raia kumi na wawili wanaoamua kesi. Ungedhani ameitwa ikulu. Alipiga pasi gauni lake la bluu mara mbili. Bibi Mittie alikuwa bado hai, macho yamekwisha lakini ulimi uko palepale.

"Mimi hawakuniita hata siku moja," alisema. "Baba yangu hawakumwita. Ples naye walimhukumu watu ambao hata salamu yake hawakuwahi kuitikia."

Ples alikuwa binamu yake Bibi. Aliingia usiku katika nyumba ya mzungu, zamani hizo za vita vya Hitler, akakamatwa jikoni na mkate mkononi. Hakumgusa mtu. Wakati ule kuingia tu nyumba ya watu usiku kulitosha kukuua, kama rangi yako ni yetu. Walimpeleka gereza la Raleigh wakamwua kwa gesi, na mama yake akaenda na mkokoteni mpaka stesheni ya treni kuuchukua mwili. Mwaka uleule mzungu mmoja wa hapa alimpiga risasi jirani yake kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, akafungwa kidogo, akarudi, akachaguliwa shemasi. Bibi hakuisimulia habari hii kwa machozi. Aliisimulia akimenya maharage, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda kisimani.

"Nenda ukakae pale, mjukuu wangu," alimwambia Ozella. "Usilale. Usimpendelee mtu. Kaa tu pale, ili mmoja wetu awe amekaa."

Kesi yenyewe ilikuwa ya Lonzell Royal, kijana wetu mweusi wa miaka ishirini na mmoja. Alikwenda na bastola dukani kwa mzee Dewey Sutter akitaka pesa, na mzee Sutter akafa. Alifanya. Sitakuficha, na Lonzell mwenyewe hakuficha. Mzee Sutter alikuwa mzungu, alikuwa mtu mwema, na watu wa rangi zote walimlilia. Swali halikuwa kama alifanya. Swali lilikuwa afungwe maisha au auawe. Na msimu uleule, katika jengo lilelile, mzungu aliyechoma nyumba na kuua mke na shemeji alipewa kifungo cha maisha, wala mwendesha mashtaka hakutamka neno kifo.

Mwendesha mashtaka huyo aliitwa Gentry Mabe. Mrefu, suti ya kijivu, sauti laini kama siagi iliyoachwa juani. Alikuwa akiwahoji walioitwa mmoja mmoja. Ozella alishakaa kwenye kiti cha jopo, mgongo umenyooka, mkono wa kushoto umerudi nyuma wenyewe bila kuambiwa, akijibu kila swali kwa "ndiyo, Bwana" na "hapana, Bwana". Mimi nilikuwa kwenye mabenchi ya wasikilizaji, nimeomba ruhusa kazini ili nimwone dada yangu amekaa.

Ndipo akaingia mwanamke mzee mwenye fimbo. Ukumbi ulikuwa umejaa. Watu walimwona, wakageukia mbele. Akasimama ukutani, miguu inamtetemeka. Ozella, kutoka kule mbele, akaona pengo kwenye benchi la tatu. Na ule mkono wa kulia, ambao miaka yote hiyo haukuwahi kuomba ruhusa kwa mwenyewe, ukapanda kifuani. Kidole kimoja. Kiganja kushoto. Yule mzee akafuata mkono, akaketi.

Yule mzee alikuwa Bi Lula Royal, nyanya yake Lonzell, aliyemlea.

Mabe aliona. Akamwambia jaji hamtaki mwanamke huyu. Wakili wa Lonzell akainuka kupinga: mbona unaondoa weusi tu? Mabe akajibu, Ozella akiwa bado anautafuta mkoba wake chini ya kiti, kila neno likimwingia.

"Mheshimiwa, rangi haihusiki. Mama huyu anatoa ishara za siri kwa familia ya mshtakiwa. Mahakama nzima imeona."

Jaji akakubali. Ozella akashuka, akapita katikati ya mabenchi uso umemwiva. Mwishowe jopo likawa wazungu kumi na wawili, katika kaunti ambayo karibu nusu yetu ni weusi. Walikwenda faragha, wakala chakula cha mchana, wakarudi na kifo.

Jioni ile Ozella alikaa jikoni kwangu, mikono ameiweka mezani kama vitu vya mtu mwingine.

"Mdogo wangu, nimemwua yule mtoto."

"Umemwua kwa lipi? Kwa kumkalisha bibi kizee?"

"Ningeutuliza mkono huu, ningekuwa mle ndani. Inatosha mmoja aseme hapana. Mmoja tu, Verdell! Ningesema hapana."

Nilimwambia aache ujinga. Mimi ndivyo ninavyofariji watu, na ndiyo maana hawaniiti misibani. Bibi Mittie alipouliza ilikuwaje, Ozella alisema walikuwa wamekwisha kutosha. Bibi akafa akiamini hivyo. Jumapili iliyofuata dada yangu hakusimama mlangoni. Aliketi benchi la nyuma kabisa, mikono miwili ameikalia, na kila aliyeuliza alijibiwa kuwa ni magoti. Magoti! Mwanamke aliyesimama kutwa kwenye mkanda wa viazi.

Miaka ikaenda. Kila redio iliposema mtu atachomwa sindano ya kuua kule Raleigh, alinyoosha mkono akazima kabla jina halijatajwa, kisha alinipigia simu nimwambie kama ni Lonzell. Sio yeye, nilimjibu, lala. Baadaye sindano zenyewe zikasimama, mahakama zikivutana juu ya namna ya kuua watu kwa upole, jambo ambalo mimi sijalielewa mpaka leo. Kisha jimbo likapitisha sheria kwamba aliyehukumiwa kifo akionyesha kuwa rangi iliingia katika hukumu yake, asiuawe, afungwe maisha. Lonzell akaomba. Wanasiasa wakaja wakaifuta sheria. Mahakama ya juu ikasema sawa, mmeifuta, lakini waliokwisha kuomba watasikilizwa. Ukitaka kujua maana ya kusubiri, usiende kwa fundi cherehani, nenda kwa mfungwa.

Siku moja akaja mlangoni kwa Ozella msichana wa kizungu, viatu vimejaa vumbi, akasema ni wakili, anaitwa Kessler. Mimi ndiye niliyefungua.

"Kama unauza bima, tumekwisha kufa," nilimwambia.

"Namtafuta Bi Ozella Faison. Ni kuhusu Lonzell Royal."

Nikasikia kikombe kinaanguka jikoni.

Ozella hakutaka. Alimkatia yule binti kipande cha pai ya viazi vitamu, maana mtu haondoki kwake na njaa hata akileta habari gani, kisha akamwambia hapana.

"Mwanangu, mimi nikisimama pale nitawaambia ukweli. Nilitoa ishara. Nitamwua mara ya pili."

"Bi Faison, naomba tu uje. Utakaa na wenzako kwenye baraza. Ukiona huwezi kuingia, sitakulazimisha."

"Wenzangu gani?"

"Walioondolewa siku ile."

Hilo lilimtuliza kidogo, au lilimchokoza, sijui. Kule kiwandani walimfundisha asichague kiazi bila kukigeuza. Akasema atakuja kutazama.

Na hapo barazani, nje ya mlango wa mahakama, ndipo mambo yalipogeuka. Walikuwa wameketi kwenye benchi refu, wazee sasa, wamevaa vizuri, kila mmoja anatazama viatu vyake. Mzee Cephus Bullock, aliyepigana Vietnam, ndiye aliyevunja kimya. Alimwelekea Ozella akaongea kwa sauti ya chini.

"Dada Faison, naomba unisamehe."

"Kwa lipi, Kaka Cephus?"

"Siku ile nilitoka zamu ya usiku. Nilipiga miayo. Yule Mabe akasema mimi sijali, akanitoa. Ningekunywa kahawa tu asubuhi ile, yule kijana angekuwa na mtu mle ndani. Nimelala nalo miaka yote hii."

Kabla Ozella hajajibu, mwalimu mmoja mstaafu pale pembeni, Bi Arnetta Speight, akakohoa.

"Miayo? Mimi nilidhani ni mimi. Alisema nasoma sana, nitawatawala wenzangu. Nikajilaumu, nikasema Arnetta, kwa nini ulikwenda na kitabu?"

"Mimi alisema sijasoma vya kutosha," akasema mwingine.

"Mimi hereni."

"Hereni?"

"Nilivaa hereni. Nikaziuza wiki ileile."

Wakatazamana. Nakwambia, sijawahi kuona watu wazima wakitazamana vile. Kila mmoja wao alikuwa amekwenda nyumbani siku ile na maiti yake mwenyewe, akaificha, akala nayo chakula na kulala nayo, wala hakumwambia jirani anayekutana naye kila Jumapili. Kisha mzee Cephus akaanza kucheka, kicheko kibovu kinachoanzia tumboni, na Bi Arnetta akafuata, machozi yakimtoka, mpaka askari wa mlangoni akaja kuwaomba wapunguze sauti.

Ozella hakucheka. Alishika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akausogeza karibu na uso, akautazama.

"Angepata jambo lolote," alisema polepole. "Hata kama ningekuwa sina mikono."

"Hata kama ungekuwa huna mikono," nikamwambia, "angesema huna mikono."

Akainuka, akanyoosha gauni, akamwambia yule Kessler yuko tayari.

Ndani, mabenchi matatu ya nyuma yalikuwa ya kanisa letu. Walikuja kwaya, wahudumu wa mlangoni, mpaka mama wa jikoni. Upande wa pili alikaa binti wa mzee Sutter peke yake, mkoba mapajani. Nilimhurumia. Hakuna jaji atakayemrudishia baba yake, na hakutusemesha siku ile, wala simlaumu. Lonzell aliketi karibu na mawakili. Kichwa kilikuwa na mvi! Nilikuwa nimembeba akilini miaka yote kama mtoto.

Kessler alimhoji Ozella taratibu. Kisha akainuka wakili wa serikali, kijana mnyoofu mwenye sauti ya haraka.

"Bi Faison, unakubali kwamba ulitoa ishara kwa mkono?"

"Nakubali."

"Kwa nyanya wa mshtakiwa?"

"Kwa mama mzee aliyekosa pa kukaa. Sikumjua ni nani. Na hata ningemjua, miguu yake ilikuwa ileile."

Jaji, mwanamke wa kizungu mwenye nywele fupi nyeupe, akainua uso kutoka kwenye makaratasi yake.

"Bi Faison, unaweza kunionyesha ishara yenyewe?"

Ozella akasita. Miaka yote ile hakuinua mkono ule mbele za watu. Akaukunja wa kushoto mgongoni. Akaupandisha wa kulia kifuani, kidole kimoja, akageuza kiganja kushoto. Pale ukutani karibu na mlango alikuwa amesimama Dada Vonceil wa kanisani kwetu, aliyechelewa kwa sababu Vonceil amechelewa hata kuzaliwa. Hakufikiri. Alifuata mkono, akajipenyeza benchi la pili kushoto, akaketi, na ndipo alipogundua kuwa yuko mahakamani.

"Jamani," akasema kwa sauti.

Watu wakaanza kuguna kwa kicheko. Jaji akaminya midomo.

"Zipo ishara nyingine?"

"Zipo, Mheshimiwa. Hii ni ya kuwasimamisha."

Akainua kiganja. Mabenchi matatu yakasimama kwa pamoja, kwaya, wahudumu na mama wa jikoni, kofia zote zikipanda kwa mara moja. Askari wa mlangoni akashtuka akashika bastola yake kiunoni. Yule wakili wa serikali akageuka nyuma akasahau swali lake.

"Waambie waketi, tafadhali," jaji akasema.

Ozella hakuwaambia. Aliushusha mkono tu.

Sitaki udhani kesi tuliishinda kwa mchezo ule. Kesi ilichukua siku nyingi, na yaliyoisukuma yalikuwa mazito zaidi. Kessler alisoma yale yaliyosemwa na Mabe, mtu kwa mtu: miayo, kitabu, hereni, mkono. Kisha akasoma habari ya mwanamke wa kizungu aliyempungia mjane wa Sutter mkono mahakamani na kumwita jina lake la utani, akaachwa kwenye jopo bila kuulizwa. Walikuja wataalamu na hesabu za kaunti yetu, nani aliuawa kwa kosa lipi na nani alirudi nyumbani kwa kosa lilelile, tangu enzi za kitanzi, kiti cha umeme, gesi, mpaka sindano. Namna ya kuua ilibadilika kila kizazi. Watu waliouawa hawakubadilika sana. Nilimkumbuka Ples na mkate wake, nikakasirika upya kana kwamba ni jana, na mimi sikuwa hata nimezaliwa.

Tulisubiri uamuzi majira mazima. Kessler ndiye aliyepiga simu, na Ozella alikuwa kibarazani akichambua mboga. Aliniita, akaniwekea simu sikioni kwa sababu hakuamini masikio yake. Jaji alikuwa ameandika kuwa rangi iliingia katika kesi ile, katika kuchagua jopo na katika hukumu yenyewe. Lonzell Royal hatauawa. Atafungwa maisha.

Kuna waliosema, ni furaha gani hiyo, mtu kuzeekea jela? Wakae wao kwenye chumba cha kungojea sindano ujana wao wote, kisha waje tuzungumze. Sisi tuliimba. Mzee Cephus alichoma nguruwe mzima kwa siki na pilipili, akapiga miayo mbele ya watu makusudi, na kila mmoja akampigia makofi.

Lonzell akahamishiwa gereza jingine, na akaomba kumwona Ozella. Nilimwendesha mimi. Njia nzima hakusema neno, nikaogopa, maana hatukuwa kanisani. Alisema moja tu tulipofika langoni: "Nitamwomba radhi, hata kama haikuwa mimi. Nimezoea kumwomba radhi kila usiku, sijui kuacha."

Aliketi mbele yetu ng'ambo ya meza, mtu mzima mwenye miwani, mikono mikubwa imetulia. Ozella akaanza, "Mwanangu, siku ile mimi—" Lonzell akatikisa kichwa.

"Shangazi, ngoja kwanza mimi. Nilikuwa na ujumbe wako miaka mingi, sikujua nimpe nani. Nyanya hakujua jina lako."

"Ujumbe gani?"

"Alikuwa akija kuniona mpaka miguu ilipokataa. Na kila akija anarudia jambo moja. Alisema, 'Lonzell, siku ile nilisimama mbele ya watu wote wale, na walinitazama kama nimefanya mimi. Nilitaka kuanguka. Mtu mmoja tu aliniona, akanipa nafasi. Ukimpata, mwambie nilikaa.'"

Ozella aliniangalia, kisha akamwangalia yeye.

"Alikaa vizuri?" akauliza. "Lile benchi lilikuwa limebana."

"Alikaa mpaka jioni, Shangazi. Aliponitazama nikamwona, hakuwa amesimama."

Dada yangu akalia. Hakulia kama usiku ule wa jikoni kwangu, alilia kama mtu aliyetua mzigo, kwa sauti, bila kujali askari, mkono wa kulia ameunyoosha juu ya meza na Lonzell ameushika kwa mikono yake miwili. Nami, Verdell, nisiyeumbiwa breki, nilikaa kimya mpaka walipotuambia muda umekwisha.